Tuyafukie maembe yetu siku moja

Wapemba wenzangu, vuli inaishia na kaskazi iko mlangoni. Maboribo yanavimba mitini, matango yametambaa hadi barazani, tungule zimeshika rangi. Ndio msimu wa kula cha uani. Ndio pia msimu wa funza.

Chukua embe lililoanguka usiku. Kwa nje ni zima, ila lina kitobo kama kilichodungwa kwa sindano, na ukilibonyeza maji yanachuruzika. Lipasue: nyama imeoza, na vijidudu vyeupe vinajikunja na kuruka. Hao ni watoto wa nzi wa matunda aliyetoka Asia, ambaye Kenya ilimgundua mwaka 2003 na hakukawia kuenea pwani yote. Jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000 maishani mwake. Funza akishiba hutoka ndani ya tunda, akajichimbia udongoni kina kidogo tu, na wiki moja na ushei baadaye anaruka nzi mpya kutafuta embe jingine, au pera, au chungwa.

Sasa tazameni tunavyofanya. Mama anafagia chini ya mwembe kila asubuhi, uwanja unang'aa, halafu maembe mabovu anayamwaga jaani nyuma ya migomba. Lile jaa ndilo kitalu cha nzi. Wangu nikimfukia mimi, wako atavuka ua kabla ya adhuhuri. Mtu mmoja hapa hafui dafu hata awe hodari vipi.

Ndiyo maana naomba jambo hili lishikwe na shehia nzima. Sheha atangaze, maimamu wakumbushe baada ya sala ya Ijumaa, na mara mbili kwa wiki, siku zilezile kwa wote, kila nyumba iokote matunda yaliyoanguka. Watoto wakishafunga skuli mwezi wa Disemba, kazi ya pakacha ni yao. Shimo lichimbwe kina kisichopungua nusu mita. Dhiraa na shibiri ni bora zaidi. Likijaa, lifukiwe na kushindiliwa, maana udongo mwepesi nzi huupenya. Vijitabu vingi hushauri mfuko mweusi wa plastiki ulioanikwa juani, lakini mifuko hiyo kwetu ni marufuku, basi turudi kwenye jembe. Mwenye mbuzi awape wayamalize palepale, asiweke lundo zizini.

Mitego ya chupa inasaidia, ila tusiitegemee peke yake: dawa yake huvuta madume, jike aliyekwisha kupandwa anaendelea kutaga. Na nzi wa matango ni mwingine kabisa, hana habari na dawa hiyo. Tango na pera changa yavisheni karatasi ya mfuko wa saruji, au gazeti.

Jingine, na hapa najua nitabishiwa: majimoto, wale chungu wa mitini, msiwachome. Wanauma, kweli, na mkweaji atalalamika. Lakini hapa Zanzibar wataalamu waliwachunguza tangu miaka ya 1950 kwa namna wanavyoilinda minazi, na utafiti wa Benin umeonyesha kwamba nzi hukwepa kutaga kwenye embe walilopita. Mimi wangu nimewaacha, nachuma kwa upondo.

Linabaki suala la nyumba zilizofungwa. Kila mtaa, Wete hadi Mkoani, una uwanja ambao mwenyewe yuko Unguja, Dar es Salaam, Mombasa au Maskati, na chini ya miembe yake matunda yanaoza bila mtu wa kuyaokota. Tusiingie uwanja wa mtu bila idhini. Mwenye namba ya jamaa huyo ampigie wiki hii, amweleze, amwombe ruhusa ya kuingia na jembe hadi msimu uishe. Mazuri yatakayopatikana wakubaliane: yauzwe, arushiwe fedha yake, au yagawiwe majirani.