Ubao wa magurudumu ndani ya ndege: kwa nini wa kawaida unapita na wa umeme unakwama uwanjani

Kila msimu wa ndugu zetu kurudi likizo kutoka ughaibuni unapokaribia, simu za studio yetu hujaa maswali ya mizigo. Mara hii limejirudia moja ambalo zamani hatukulizoea: je, abiria anaweza kupanda ndege na skeitibodi, ule ubao wa magurudumu manne ambao vijana husimama juu yake na kuteleza?

Inawezekana, kama ubao hauna betri. Ukiwa na betri, hesabu inabadilika kabisa, na kuna watu wanaopoteza fedha zao kwa kutolijua hilo mapema.

Swali lenyewe si la mzaha. Mchezo huu uliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza Tokyo mwaka 2021, ukarudi Paris 2024, na umo kwenye ratiba ya Los Angeles 2028. Afrika Mashariki nayo haiko nyuma: pale Kitintale, Kampala, vijana wanateleza kwenye uwanja wa saruji tangu 2006, na Kangemi, Nairobi, kuna uwanja wa Shangilia uliojengwa 2013. Ubao mzuri si kitu unachokikuta katika kila duka la kwetu, hivyo anayetoka nje huombwa auweke kwenye begi.

Tuanze na ule wa kawaida. Kinachosumbua hapa ni urefu. Ubao una takriban sentimita 80, wakati kampuni nyingi za ndege zinataka mzigo wa mkononi usizidi sentimita 55. Nchini Marekani, TSA, mamlaka inayokagua abiria viwanjani, inaruhusu ubao mkononi na hata kwenye mizigo ya chini, lakini inamtaka abiria aiulize kwanza kampuni yake kama utaenea kwenye kabati la juu au chini ya kiti. Hapo ndipo wengi wanachanganya. Mkaguzi wa usalama anatazama kama kitu ni cha hatari, kampuni inatazama nafasi. Kuruhusiwa na mmoja hakumfungi mwingine, na mhudumu aliye mlangoni mwa ndege iliyojaa hana muda wa kubishana.

Kwa maoni yetu, heri kuuweka kwenye begi kubwa la kukabidhi kaunta. Kipimo kinachotumika sana ni kilo 23, na urefu, upana na kimo vikijumlishwa visizidi sentimita 158. Ubao mmoja haufiki huko. Uviringishe kwenye nguo, maana vyuma vya magurudumu hutoboa begi.

Sasa ule wa umeme. Nguvu ya betri hupimwa kwa wati-saa, kwa alama ya Wh. Kama hukuiona kwenye kibandiko, zidisha volti kwa ampea-saa. Betri ya kuchajia simu ya mAh 20,000 ina takriban Wh 74. Ubao wenye betri ya volti 36 na ampea-saa 10 una Wh 360. Kanuni za kimataifa zinaachia betri za lithiamu hadi Wh 100 bila taabu, kati ya 100 na 160 kwa kibali cha kampuni, na juu ya hapo abiria haruhusiwi kuibeba. Betri ya akiba haiwekwi kamwe kwenye mzigo wa chini.

Kwa nini ukali wote huu? Betri ya lithiamu ikipata hitilafu, seli moja hupata joto na kuichoma ya jirani, nayo inayofuata, mfululizo. Gesi ya kuzimia moto iliyoko kwenye sehemu ya mizigo hupunguza miale, lakini haipoozi seli. Ndani ya chumba cha abiria angalau kuna mtu wa kuona moshi na kumwagia maji. Septemba 2010 ndege ya mizigo ya UPS, Boeing 747, ilianguka Dubai baada ya moto kuzuka kwenye shehena iliyokuwa na maelfu ya betri za lithiamu. Marubani wote wawili walifariki. Januari 2025 ndege ya Air Busan iliwaka moto ikiwa bado ardhini Korea Kusini. Watu wote 176 walitoka, na wachunguzi walielekeza shaka kwenye betri ya kuchajia simu. Betri ndogo kama hiyo! Ile ya ubao wa umeme ni kubwa mara kadhaa.

Kampuni kadhaa hazisubiri hata hesabu ya Wh. Delta, American na United zilipiga marufuku mbao za umeme za kujisawazisha, zile za magurudumu mawili, Desemba 2015 baada ya visa vya kuwaka moto. Emirates, ambayo hutua Nairobi, Dar es Salaam na Entebbe, nayo haizipokei, iwe mkononi au chini.

Lawama yetu tunaipeleka kwa wauzaji. Kasi na kilomita za kwenda kwa chaji moja huandikwa kwa herufi kubwa, Wh ikafichwa chini ya ubao. Kuna mbao ambazo betri huchomoka, na hizo zina nafuu, ingawa bado kampuni inaweza kukataa. Omba jibu lake kwa maandishi kabla ya kulipa. Betri ikiwa imefungwa kwa skrubu ndani ya ubao na imezidi Wh 160, ulizia usafiri wa meli na uitaje betri waziwazi kwenye fomu ya mzigo.

Na kwa anayesafiri na ubao wowote: mwambie aliyekusindikiza asiondoke uwanjani mpaka uwe umepita ukaguzi. Wakiukataa, awepo wa kurudi nao nyumbani.