Mazungumzo ya Nyumbani: Filimbi ya Siku ya Bwana

Mwezi huu nataka kuwasimulia habari za kijana wa chuo aliyewashinda wenzake wote kwa mbio, kisha akafa wakati wa vita bila kushika silaha. Lakini kwanza sina budi kuungama jambo langu. Mwaka jana hapa Mlangali niliwanyang'anya vijana wa darasa la kipaimara mpira wao, kwa sababu waliucheza Jumapili baada ya ibada. Mzee mmoja wa kanisa alinisifu, nami nikafurahi kusifiwa. Mpira ule umetundikwa nyumbani mwangu hata leo, na vijana wanne hawakurudi darasani.

Mtu nimtajaye ni Eric Liddell. Alizaliwa Tientsin, katika nchi ya China, tarehe 16 Januari 1902. Wazazi wake walikuwa wamisionari, watu wa Uskoti. Alisomeshwa Uingereza, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Edinburgh kujifunza sayansi, na huko ndiko mbio zake zilikojulikana. Watu walicheka namna yake ya kukimbia, maana alirusha mikono huku na huku, akainua uso juu kama mtu atafutaye ndege angani. Tena aliichezea Uskoti mpira wa raga mara saba. Mwaka 1923, huko Stoke, katika shindano la yadi 440, aligongwa mwanzoni kabisa akaanguka. Alipoinuka wenzake walikuwa wamekwisha kumtangulia yadi 20 hivi. Akawafuata, akawapita mmoja mmoja, akashinda, ndipo akaanguka tena kwa kuishiwa nguvu.

Mwaka 1924 ikaja michezo ya Olimpiki mjini Paris. Mbio zake hasa zilikuwa za mita 100, lakini mchujo ulipangwa siku ya Jumapili, tarehe 6 Julai. Liddell akakataa. Akashurutishwa na wakubwa, akalaumiwa kwamba haipendi nchi yake, asibadili neno. Akajizoeza mbio za mita 400, ambazo hazikudhaniwa kuwa zake, na siku ya Ijumaa, tarehe 11 Julai, akazishinda kwa sekunde 47.6, upesi usiopata kuonekana bado katika michezo ile.

Habari hizo walimu wengi wanazijua, nami ndizo nilizowasomea vijana siku ile nilipochukua mpira. Niliwaambia, "Mtazameni huyu, aliacha dhahabu kwa ajili ya siku ya Bwana, ninyi hamwezi kuacha ngozi iliyojaa upepo?" Nilijiona nimenena vema. Lakini habari zake zilizosalia sikuzijua, wala sikujishughulisha kuzitafuta.

Mwaka 1925 Liddell alirudi China, akawa mwalimu wa shule mjini Tientsin. Baadaye, Wajapani walipokwisha kuingia nchini kwa vita, alikwenda kutumika vijijini, akipita kwa baiskeli katikati ya majeshi, na mara nyingine akichukua majeruhi ambao watu waliogopa kuwagusa. Mwaka 1941 alimpeleka mkewe Canada pamoja na binti zao wawili ili wasalimike. Binti wa tatu alizaliwa huko. Baba yake hakupata kumwona kamwe. Mwezi wa Machi 1943 Wajapani wakamtia katika kambi ya kifungo huko Weihsien. Mlikuwa na watu zaidi ya 1,500 nyuma ya kuta zile, na baada ya miezi michache ikaletwa shule nzima ya watoto wa wamisionari, wengi wao bila wazazi.

Sisi wa nchi ya Njombe jambo hili si geni kwetu. Wazee walitusimulia jinsi vita ileile ilivyowaondoa wamisionari Wajerumani, wakashikwa na serikali ya Waingereza kwa kuwa ni watu wa taifa adui, na walimu Waafrika wakabaki na makanisa mikononi mwao. Kambi za namna hiyo zilikuwako pande zote mbili.

Kambini Liddell alifundisha sayansi bila vyombo, aliwachotea maji wazee, aliongoza michezo ya vijana, akafunga fimbo za hoki zilizovunjika kwa vipande vya shuka. Lakini Jumapili hakuruhusu mchezo. Basi Jumapili moja vijana wakacheza hoki peke yao, bila mwamuzi, nao wakaishia kupigana. Watu wazima wakabishana juu ya jambo hilo. Jumapili iliyofuata, Liddell mwenyewe akashika filimbi, akaingia kiwanjani kuwaamua.

Nimelifikiri neno hili siku nyingi. Kwa ajili ya nafsi yake hakukimbia Jumapili, hata kwa nishani ya dhahabu. Kwa ajili ya watoto wasiumizane, akaingia kiwanjani Jumapili ileile. Wako watakaosema alilegea. Mimi sioni hivyo. Katika Paris alitoa kilicho chake. Kambini pia alitoa kilicho chake, nacho kilikuwa kigumu zaidi kukitoa, yaani sifa ya kutobadilika.

Majira ya baridi ya mwisho alimpa kijana mmoja viatu vyake vya mbio, vilivyochakaa na kufungwa kwa uzi, maana viatu vya kijana yule vilikuwa vimekwisha. Alikuwa amemfundisha kuwaombea maadui. Yapata majuma matatu baadaye, tarehe 21 Februari 1945, Liddell akafa kwa uvimbe ndani ya ubongo, mwenye miaka 43. Kambi ilifunguliwa tarehe 17 Agosti mwaka huohuo. Kijana yule alipokuwa mtu mzima alikwenda kuwa mmisionari, tena Japani, akakaa huko miaka mingi.

Jumamosi iliyopita niliuteremsha mpira ule. Umepungua upepo, lakini mmoja wa wale vijana wanne ana pampu ya baiskeli, nami nimekwenda kwao kuiazima. Mzee wa kanisa ameniuliza kama nimeyasahau maneno yangu ya mwaka jana. Nimemjibu kwamba nayakumbuka yote, nikamwomba aje Jumapili saa tisa, baada ya ibada na chakula, atutazamie saa. Filimbi nitapiga mimi.