Tembre Juu ya Bahasha



Juma lililopita tulikaribishwa nyumbani kwa mzee mmoja wa Butembo, nasi tukamkuta mwenye huzuni. Mbele yake palikuwa na sanduku la bati, na ndani yake barua ambazo marehemu baba yake, aliyekuwa karani huko Beni, alikuwa akiwaandikia jamaa zake. Mjukuu wa mzee huyo, kijana wa miaka 12, alikuwa amezikata stempu zote kwa mkasi, zile ambazo kwetu twaziita tembre, akazibandika katika daftari lake. Bahasha akazitia motoni.

Kijana hakukusudia ubaya. “Babu,” alisema, “nilitaka kuziokoa tembre, maana bahasha zilikuwa zimechakaa.” Lakini mojawapo ya barua hizo ndiyo iliyoleta habari ya kuzaliwa kwa dada ya mzee, na mwandishi alisahau kuandika tarehe. Tarehe ilikuwamo katika muhuri wa posta tu. Dada huyo alipoteza vyeti vyake alipokimbia kijiji chake, naye alikuwa ameiomba barua hiyo imsaidie kuandikishwa upya. Tulipolifungua daftari tuliuona muhuri umekatwa katikati: herufi mbili za jina la Beni, na mwaka 1961. Siku na mwezi vilikuwa vimekwisha kuwa majivu.

Basi tuliketi na kijana, tukaitazama tembre ile pamoja naye. Ilikuwa na picha ya ua zuri, na chini ya ua jina la nchi kwa Kifaransa na kwa Kiholanzi. Lakini juu ya picha palikuwa pamepigwa neno moja kwa wino mweusi: CONGO. “Kwa nini wameiharibu?” aliuliza. Hawakuiharibu, mwanangu. Wameandika historia juu yake. Tembre za maua zilitolewa na serikali ya Wabelgiji mwaka 1952. Uhuru ulipokuja, tarehe 30 Juni 1960, tembre za zamani zilikuwa bado zimejaa katika maposta. Serikali mpya ikaamuru jina jipya lipigwe juu yake. Ua halikubadilika, mwenye nyumba ndiye aliyebadilika.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Tembre za kwanza za Kongo zilitolewa mwaka 1886, zenye sura ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, mtu ambaye hakuikanyaga nchi hii hata siku moja. Mwaka 1894 zikafuata nyingine zenye picha za nchi: bandari ya Matadi, maporomoko ya maji, daraja la reli juu ya mto Mpozo, uwindaji wa tembo. Mwaka 1908 Ubelgiji ilipoitwaa nchi mikononi mwa mfalme, maneno CONGO BELGE yalipigwa juu ya tembre zile zile. Na mwaka 1960 Katanga ilipojitenga, jina la Katanga likapigwa juu ya tembre za Kongo. Kasai ya Kusini nayo ikafanya hivyo mwaka 1961. Maua yale yale yalibeba majina ya serikali tatu zilizogombana, na watu wakafa katika ugomvi huo.

Tena tembre hutuonyesha namna fedha ilivyoanguka. Nchi yetu iliitwa Zaire tangu mwaka 1971 hata mwaka 1997. Katika miaka ya mwisho ya utawala huo bei zilipanda mbio hata posta ikapiga tarakimu mpya juu ya tembre za zamani, kwa kuwa thamani iliyochapwa haikutosha tena kitu. Mwezi wa Oktoba 1993 ilitolewa zaire mpya moja badala ya zaire 3,000,000 za zamani. Wazazi waliokuwa na akiba nyumbani siku zile hawahitaji kuelezwa maana ya tarakimu hizo. Watoto wao wanaweza kuzisoma juu ya bahasha.

Lakini yatupasa kuwaonya vijana jambo moja. Tembre hunena yale ambayo mtawala alitaka ulimwengu uyaone, na mengine huyanyamazia. Ile ya mwaka 1894 yaonyesha daraja la reli. Haionyeshi wafanyakazi waliokufa kwa wingi wakiijenga njia hiyo kutoka Matadi, kazi iliyoanza mwaka 1890 na kumalizika mwaka 1898. Katika miaka ile ile watu walipigwa na kuuawa kwa sababu ya mpira wa msituni, na hayo hayakuchorwa. Vivyo hivyo, tangu mwaka 1947 zilitolewa tembre nzuri za vinyago na sanamu za mababu. Zilisifu kazi ya mikono yetu, nayo yastahili sifa. Lakini aliyevichonga vinyago hakuwa na sauti katika kuitawala nchi yake.

Na milima yetu je? Uganda ilipopata uhuru mwezi wa Oktoba 1962, mojawapo ya tembre zake mpya ilionyesha Milima ya Mwezi, ndiyo Ruwenzori hii tuionayo kutoka Beni mawingu yanapofunuka. Mpaka wa nchi mbili wapita juu ya theluji zake. Wakonzo wa upande wa pili na Wanande wa upande huu ni ndugu, lugha yao ni moja, na tembre ya Uganda ilionyesha mlima ambao ni wa wote wawili. Mchoraji wa tembre hawezi kuuchora undugu wa namna hiyo. Barua iliyovuka mpaka, kutoka Kasese kuja kwa shangazi aliye Beni, ndiyo iushuhudiayo: tembre ya nchi moja, anwani ya nchi nyingine, na jina moja la ukoo mwanzoni na mwishoni.

Kwa hiyo tulimwambia kijana: tembre ni neno la serikali, muhuri ni neno la posta ya mji wako, na anwani ni neno la jamaa yako. Ukitenga moja na mengine, umebaki na picha tu.

Siku hizi barua chache hupita posta. Habari zetu zapita katika simu, na simu ikiharibika hupotea pamoja nayo. Tena tangu mwaka 2014 watu wengi wa eneo la Beni wamekimbia nyumba zao, mara nyingi usiku, na makaratasi yao yamebaki nyuma au yameteketea. Bahasha zilizosalia ni chache, wala hazitaandikwa nyingine za namna ile.

Wazazi wapenzi, twawasihi basi. Bahasha ya zamani isikatwe. Barua ikae ndani yake kama ilivyofika. Ihifadhiwe pakavu, mbali na jua na mchwa, wala isitiwe gundi. Katika karatasi ya kando andikeni ni nani aliyeandika, kwa nani, na wametoka ukoo gani, maana wazee wakiondoka hakuna atakayejua. Ipigeni picha, na picha hiyo mpelekeeni ndugu aliye mbali. Na mkilazimika kukimbia, barua ziwe katika mfuko mmoja na vyeti vya watoto. Kijana apendaye kukusanya tembre asikatazwe. Apewe bahasha nzima, na mtu wa kumsomea.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kijana yule analo daftari. Tulipoagana naye alikuwa ameketi miguuni pa babu yake, kalamu mkononi, akiandika kando ya kila tembre yale ambayo mzee bado anayakumbuka. Kando ya ua la mwaka 1961 ameandika jina la dada ya babu yake, na maneno haya: “Mama alisema ilikuwa wakati wa kuvuna maharagwe.”