Matumbawe ya sebuleni yanavyoingia maabara

Kipande cha tumbawe kisichozidi ukucha wa kidole gumba hukatwa kwa koleo, hutumbukizwa katika kichupa cha alkoholi na kutumwa kwa posta. Anayekituma si mtafiti. Ni mtu mwenye tangi la maji ya chumvi sebuleni kwake, labda katika jimbo la Ohio ambako hakuna bahari kabisa. Anayekipokea ni mwanafunzi wa chuo kikuu anayehitaji sampuli za vinasaba kwa ajili ya tasnifu yake.

Kwa mtazamo wa haraka hilo ni jambo dogo, burudani ya watu wenye fedha na nafasi. Lakini Aprili 2024, Idara ya Bahari na Anga ya Marekani, NOAA, na Mpango wa Kimataifa wa Miamba ya Matumbawe zilitangaza kwamba dunia imeingia katika tukio la nne la kupauka kwa matumbawe duniani kote. Tanzania ilitajwa miongoni mwa maeneo ya Bahari ya Hindi yaliyothibitishwa kuathirika. Tumbawe linapauka pale maji yanapozidi joto nalo likawatoa mwani wadogo wanaoishi ndani ya nyama yake na kulilisha. Joto lisipopungua mapema, hufa kwa njaa. Katika hali hiyo, swali la nani anafuga matumbawe hai, na anajua nini juu yake, limekuwa zito kuliko lilivyokuwa miaka 20 iliyopita.

Kwa nini mwanafunzi aende kwa mfugaji wa nyumbani badala ya kwenda baharini? Sababu ya kwanza ni karatasi. Matumbawe yote magumu, yale yanayojenga miamba, yamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Anayetaka sampuli kutoka nchi nyingine anahitaji kibali cha kukusanya, kibali cha kusafirisha, na mara nyingi kibali cha kuingiza. Ongeza boti, wazamiaji na hali ya hewa. Shahada ya uzamili ya miaka miwili inaweza kwisha mwanafunzi akiwa bado anasubiri mhuri. Kipande kinachotoka kwenye tangi la mtu wa mji jirani hakivuki mpaka wowote.

Sababu ya pili ni ya kisayansi, na kwangu ndiyo yenye uzito zaidi. Tumbawe ni mnyama, au tuseme kundi la wanyama wadogo walioungana. Ukilikata tawi na kulipandikiza kwenye jiwe, linaendelea kukua likiwa na vinasaba vilevile vya mzazi wake. Wafugaji wamekuwa wakifanya hivyo kwa miongo kadhaa, wakigawiana vipande kama wakulima wanavyogawiana mbegu za mihogo. Dietrich Stüber wa Berlin alikuza tumbawe la jamii ya Acropora katika miaka ya 1980 na kugawa vipande vyake, na vizazi vya kipande hicho vikasambaa katika matangi mengi ya Ulaya na hata Marekani.

Mtaalamu wa vinasaba akiangalia hali hiyo anaona jaribio ambalo hakuna aliyelipanga. Tumbawe moja, vinasaba vilevile, limewekwa katika mamia ya nyumba zenye taa tofauti, joto tofauti na chakula tofauti. Matawi yakiwa mafupi na manene katika tangi moja, marefu na membamba katika jingine, basi tofauti hiyo haikutokana na vinasaba bali na mazingira. Na wafugaji wengi wana tabia ya kupima: joto, chumvi, kalsiamu, kila wiki na wengine kila siku, huku wakipiga picha. Kumbukumbu za namna hiyo ni ghali mno kuzipata chini ya bahari.

Faida nyingine ilionekana mwaka 2011, ingawa waliohusika walikuwa watafiti wazoefu na si wanafunzi. Mfugaji mmoja nchini Marekani alikuwa amepata shida kubwa ya kupumua baada ya kumwaga maji yanayochemka juu ya zoanthidi, ndugu wa matumbawe, walioota bila kutakiwa ndani ya tangi lake. Watafiti walinunua zoanthidi katika maduka ya samaki wa mapambo, wakapima sumu na kusoma vinasaba. Walikuta baadhi wakiwa na palitoksini, moja ya sumu kali kuliko zote zinazotengenezwa na viumbe, na vinasaba vikasaidia kutenganisha aina zenye sumu na zile zisizo nayo ambazo kwa macho zinafanana.

Hata hivyo, tangi la nyumbani lina udhaifu ambao mwanafunzi hawezi kuufunika kwa takwimu. Kubwa ni asili. Majina ya dukani hutungwa na wauzaji ili bidhaa ivutie. Kuna tumbawe laini linalouzwa sana Marekani kwa jina la "mti wa Kenya", na jina hilo halimwambii mnunuzi kama kipande alichonacho kiliwahi kuonja maji ya Malindi au Watamu. Pia rangi ndiyo inayochagua nini kifugwe. Matumbawe ya kahawia, ambayo ndiyo mengi baharini, hayana soko. Kwa hiyo utafiti wa matangi hauwezi kutueleza kama mwamba fulani utahimili joto la mwaka ujao, na tasnifu inayodai hivyo isomwe kwa tahadhari.

Kuna ugumu wa maabara vilevile. Kipande kimoja kikisagwa hutoa vinasaba vya tumbawe, vya mwani wake na vya bakteria, vyote vikiwa vimechanganyika. Na ile sehemu ya vinasaba vya mitokondria, inayotumika kutambua aina nyingi za wanyama, katika matumbawe hubadilika polepole mno hivi kwamba aina mbili za Acropora zinaweza kuonekana kama moja. Inabidi kusoma maelfu ya sehemu za kiini cha seli, na hapo gharama inapanda.

Ufugaji wenyewe, lakini, umeshathibitisha thamani yake katika taasisi. Katika Makumbusho ya Horniman mjini London, timu ya Jamie Craggs iliiga mwanga wa mwezi na mabadiliko ya joto la misimu ndani ya matangi, na mwaka 2017 ikachapisha jinsi ilivyofanya matumbawe yatoe mayai kwa wakati uliotabiriwa. Mwaka 2019 Florida Aquarium, ikishirikiana na Horniman, ilifanikiwa kuzalisha tumbawe la nguzo la Atlantiki. Umuhimu wa kazi hiyo ulidhihirika baada ya joto la mwaka 2023: watafiti waliripoti mwaka 2025 kwamba aina mbili za Acropora huko Florida zimetoweka kiutendaji, maana yake zilizobaki ni chache mno kujenga mwamba.

Ila Florida hairuhusu matumbawe yake magumu kuchukuliwa baharini kwa ajili ya biashara hiyo. Mfugaji wa Ohio hana tumbawe la Florida. Analo la Indonesia, Australia au Fiji, na hapa ndipo suala linapogusa nchi zetu. Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika Oktoba 2014, inataka nchi yenye asili ya vinasaba ipate mgao wa faida. Marekani si mwanachama. Mfuatano wa vinasaba ukishapakiwa katika hifadhidata ya wazi, yeyote anaweza kuutumia, na kama kwenye fomu pameandikwa "akwariamu" mahali pa nchi ya asili, hakuna wa kumdai mwenzake. Mfuko wa Cali, uliozinduliwa Februari 2025, unayataka makampuni yanayonufaika na data hizo yachangie, lakini mchango ni wa hiari.

Kenya na Tanzania zina cha kupoteza. Utafiti ulioongozwa na David Obura wa CORDIO mjini Mombasa, uliochapishwa Desemba 2021, ulionyesha kuwa miamba yote ya Bahari ya Hindi magharibi imo hatarini kuporomoka ndani ya miaka 50. Matumbawe yatakayobaki hai baada ya joto kali ndiyo ambayo maabara zitayatafuta.

Mwanafunzi anayepokea vichupa anaweza kuanza na mambo madogo: aombe risiti ya kwanza ya dukani, aandike nchi iliyotajwa kwenye kibali cha kuingiza, na pasipokuwa na karatasi aandike kwamba asili haijulikani. Mifupa ya kipande ihifadhiwe pamoja na picha, ili atakayekuja baadaye aweze kukagua jina. Wafugaji wengi wa muda mrefu wanazo risiti hizo kwenye droo. Mara nyingi hakuna aliyewahi kuwauliza.