Tutunze Marando Yetu Kabla Mvua Hairudi

Ndugu wakaaji wa Rhino Camp, Imvepi na Lobule,

Kila kiangazi, kuanzia Desemba hadi Machi, upande wa Arua na Koboko hukauka. Viazi vitamu vinachimbwa, mbuzi wanamaliza majani, na mvua ikirudi kila mtu anauliza: marando ya kupanda yatatoka wapi? Tunangoja gari la msaada, na mvua haingoji. Maoni yetu ni haya: kila nyumba itunze marando yake yenyewe, hasa ya viazi vya rangi ya machungwa.

Kwa nini hivyo? Mtoto aliyepungukiwa vitamini A haoni vizuri jioni, na surua au kuhara humshika kwa ukali zaidi. Kiazi kidogo cha rangi ya machungwa, cha gramu 125 hivi, humpa mtoto wa chini ya miaka mitano vitamini A ya siku nzima. Kiazi cheupe karibu hakina. Uganda ilitoa aina za Ejumula na Kakamega mwaka 2004. Mtafiti Mganda, Robert Mwanga, alikuwa mmoja wa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 kwa kazi hiyo.

Kutunza marando si kazi ngumu:

- Chagua mimea yenye afya. Iache yenye majani yaliyokunjamana au ya manjano. Ina ugonjwa unaoenezwa na inzi weupe.
- Kata ncha za urefu wa sentimita 30. Sehemu ya chini ya rando huficha mayai ya fukusi.
- Weka kivulini siku moja au mbili, kisha panda kwenye kitalu kidogo karibu na nyumba, theluthi mbili ya kila kipande iwe ndani ya udongo.
- Zungushia miiba. Mwagilia kila baada ya siku mbili kwa maji yaliyooshea mboga.

Wengine husema viazi hivi ni laini mno, ni chakula cha watoto. Sawa, panda vyeupe kwa ajili ya mzee wa nyumba, lakini tuta moja liwe la mtoto. Wengine huvuna na kuuza vyote sokoni. Kuuza si vibaya. Tenga kwanza vya mtoto na vya mama mjamzito. Vipike na maganda, sufuria ikiwa imefunikwa, na mle na mafuta kidogo.

Mwaka 2023 mgao wa chakula uligawanywa kwa makundi, na nyumba nyingi zilipunguziwa. Marando hayanunuliwi kwa kadi ya mgao. Mwenye nayo leo ampe jirani fungu moja. Yake yakiliwa na mbuzi kesho, atajua pa kuyaomba.

Na ukiona mtoto wako anapapasa njia jioni, usingoje viazi vikomae. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.