Bima ya Afya kwa Wote na Ugonjwa wa Figo: Kinga Huanzia Zahanati

Mwezi Novemba 2017, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifanya upandikizaji wa kwanza wa figo nchini kwa ushirikiano na wataalamu kutoka India. Miezi michache baadaye, Machi 2018, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya jijini Dodoma nayo ilianza kutoa huduma hiyo. Kabla ya hapo, Mtanzania aliyehitaji figo mpya alilazimika kusafiri nje ya nchi, hususan India. Aidha, huduma ya kusafisha damu, ambayo awali ilipatikana katika hospitali chache za miji mikubwa, sasa imesogezwa hadi katika hospitali kadhaa za rufaa za mikoa.

Hatua hizo ni kubwa na zimeokoa maisha. Hata hivyo, mashine ya kusafisha damu na chumba cha upandikizaji humpokea mgonjwa ambaye tayari amepoteza sehemu kubwa ya uwezo wa figo zake. Wakati nchi ikitekeleza Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023, suala linalohitaji kutazamwa kwa makini ni namna ya kumfikia mwananchi kabla hajafika katika hatua hiyo. Ili kulielewa suala hilo, ni vema kwanza kufahamu namna mfumo wa mkojo unavyofanya kazi.

Kiwanda kisicholala

Mfumo wa mkojo una figo mbili, mirija miwili inayotoka kwenye figo, kibofu, na njia ya kutolea mkojo nje. Kila figo ina ukubwa unaokaribia ngumi ya mtu mzima na hukaa upande wa nyuma wa tumbo, chini kidogo ya mbavu. Ndani yake mna vichujio vidogo vinavyokadiriwa kufikia milioni moja, ambavyo kitaalamu huitwa nefroni.

Kwa siku moja, figo za mtu mzima huchuja takribani lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu, kiasi kinachoweza kujaza madumu tisa ya lita 20. Karibu majimaji yote hayo hurudishwa mwilini pamoja na sukari, chumvi na madini yanayohitajika. Kinachobaki, kwa kawaida kati ya lita moja na mbili, ndicho mkojo unaobeba taka kama vile urea na kreatinini. Mkojo huo hushuka taratibu hadi kwenye kibofu, ambacho kwa mtu mzima huweza kuhifadhi takribani mililita 400 hadi 500.

Kazi ya figo haiishii katika kuchuja. Figo hutoa homoni inayochochea uboho kutengeneza chembe nyekundu za damu, husaidia kudhibiti shinikizo la damu, na huiwezesha vitamini D kufanya kazi ya kuimarisha mifupa. Ndiyo sababu mgonjwa wa figo huweza kupatwa na upungufu wa damu, shinikizo la juu la damu na udhaifu wa mifupa kwa wakati mmoja.

Ugonjwa usiopiga hodi

Figo zina akiba kubwa ya uwezo. Mtu aliyetoa figo moja kwa ajili ya ndugu yake huendelea kuishi kwa figo iliyobaki. Akiba hiyo hiyo, ambayo ni neema, ndiyo inayouficha ugonjwa. Vichujio hufa kimoja baada ya kingine huku vilivyobaki vikibeba mzigo, na mhusika hahisi maumivu yoyote. Uvimbe wa miguu na uso, uchovu usioisha, kichefuchefu, kuwashwa mwili na kupungua kwa mkojo mara nyingi hujitokeza wakati madhara yamekwisha kuwa makubwa.

Hata kipimo cha kreatinini katika damu huweza kuonesha kiwango cha kawaida hadi uwezo wa figo upungue kwa takribani nusu. Protini katika mkojo, kwa upande mwingine, mara nyingi huwa ishara ya mapema kwamba vichujio vimeanza kuharibika. Kipimo chake cha awali ni kijiti kinachochovywa katika mkojo na kutoa majibu kwa dakika chache, bila kuhitaji mashine wala daktari bingwa.

Kisukari na shinikizo la juu la damu ndivyo visababishi vinavyoongoza kwa ugonjwa sugu wa figo duniani. Matumizi ya muda mrefu ya baadhi ya dawa za maumivu bila ushauri wa mtaalamu, zikiwemo diklofenaki na ibuprofeni, pia huweza kuziumiza figo, hasa kwa mzee, mtu mwenye upungufu wa maji mwilini au mwenye tatizo la figo lisilojulikana.

Maradhi yanayotibika yakiwahiwa

Mfumo wa mkojo hukabiliwa pia na maradhi mengine ambayo hutibika endapo mgonjwa atawahi. Maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo wananchi wengi huyaita U.T.I., huwapata zaidi wanawake kwa kuwa njia yao ya mkojo ni fupi, takribani sentimita nne, ikilinganishwa na takribani sentimita 20 kwa wanaume. Dalili zake ni maumivu wakati wa kukojoa, kwenda haja ndogo mara kwa mara na maumivu chini ya kitovu. Homa na maumivu ya kiunoni huashiria kuwa maambukizi yamepanda hadi kwenye figo. Kununua antibiotiki dukani bila kipimo huongeza usugu wa vimelea dhidi ya dawa, na baadhi ya wanaotumia dawa hizo huwa na tatizo jingine kabisa.

Katika maeneo yenye mabwawa, vijito na majaruba ya mpunga ya Kanda ya Ziwa, na vilevile Unguja na Pemba, kichocho cha mkojo bado ni tishio. Damu katika mkojo wa mtoto si dalili ya kukua, kama baadhi ya jamii zilivyoamini, bali ni ishara ya mayai ya vimelea kujeruhi kibofu. Kisipotibiwa, huweza kuziba mirija ya mkojo, kuharibu figo na hata kusababisha saratani ya kibofu. Kampeni za kugawa kingatiba shuleni hulenga kuyazuia madhara hayo.

Mawe kwenye figo huleta maumivu makali ya kiuno yanayoshuka hadi kinenani. Kukua kwa tezi dume huwafanya wanaume wenye umri mkubwa kukojoa kwa shida na kuamka mara nyingi usiku, na mkojo unaoshindwa kutoka huweza kurudi nyuma na kuziumiza figo. Fistula ya uzazi, inayotokana na uchungu wa muda mrefu bila msaada wa haraka, humfanya mwanamke avujwe na mkojo bila kujizuia. Hali hiyo hurekebishwa kwa upasuaji, na hakuna sababu ya mwanamke kuivumilia kwa aibu.

Hesabu ya gharama

Mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kufanya kazi kwa kawaida husafishwa damu mara tatu kwa wiki, takribani saa nne kila mara. Kwa mwaka, hiyo ni mizunguko 156 na zaidi ya saa 600 kando ya mashine, mbali na muda wa safari. Kwa mkulima anayeishi mbali na hospitali yenye huduma hiyo, maana yake ni kuhama, kuacha shamba, na familia kugawanyika. Upandikizaji huweza kumwondolea mgonjwa mashine, lakini unahitaji ndugu aliye tayari na anayefaa kutoa figo, na mpokeaji hutumia dawa za kuzuia mwili kuikataa figo hiyo kwa muda wote itakapokuwa ikifanya kazi.

Hapo ndipo umuhimu wa bima unapoonekana, na hapo pia ndipo mtihani wake ulipo. Bima hukusanya michango ya wengi ili kumbeba mmoja aliyepatwa. Sheria ya mwaka 2023 imeweka pia utaratibu wa kuwagharamia wasio na uwezo. Lakini mfuko wowote wa bima utaelemewa endapo idadi ya wanaohitaji kusafishwa damu itaongezeka kila mwaka huku ugonjwa ukigunduliwa katika hatua ya mwisho. Kinga, kwa hiyo, ni sharti la uhai wa mfuko wenyewe.

Uzoefu wa kuanzia upo. Mama mjamzito anapohudhuria kliniki hupimwa shinikizo la damu, na upimaji wa protini katika mkojo ni sehemu ya huduma hiyo ili kubaini mapema dalili za kifafa cha mimba. Utaratibu huo unajulikana hadi ngazi ya zahanati. Mwanaume wa miaka 50 mwenye shinikizo la juu la damu, au mwanamke mwenye kisukari aliyekwisha kupita umri wa kuzaa, anaweza kukaa miaka mingi bila mtu yeyote kumwomba sampuli ya mkojo. Kuupanua utaratibu uliozoeleka katika kliniki ya wajawazito ili uwafikie wagonjwa wote wa kisukari na shinikizo la damu, angalau mara moja kwa mwaka, ni hatua isiyosubiri teknolojia mpya. Inahitaji vijiti vya kupimia visikosekane, na majibu yafuatiliwe. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wana nafasi ya kuwakumbusha wananchi hao nyumbani kwao.

Mwelekeo huo unaendana na wa kimataifa. Mwezi Mei 2025, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliofanyika Geneva ulipitisha azimio lake la kwanza mahsusi kuhusu afya ya figo, likihimiza nchi wanachama kuimarisha kinga, ugunduzi wa mapema na tiba.

Wajibu wa mwananchi

Mwananchi mwenye kisukari, shinikizo la juu la damu, au ndugu wa damu aliyewahi kuugua figo, ana haki ya kumuuliza mtoa huduma: “Mkojo wangu umepimwa lini mara ya mwisho?” Majibu ya kijiti si hukumu. Yakionesha protini au damu, hufuatwa na vipimo vingine, na yakiwa safi hayaondoi haja ya kupima tena mwakani. Kunywa maji ya kutosha, kupunguza chumvi, kuacha tumbaku na kumeza dawa za shinikizo la damu hata pale mtu anapojisikia vizuri ni hatua zinazolinda figo kila siku. Aliyekwisha kuambiwa kuwa figo zake zina tatizo azingatie ushauri wa daktari wake, kwani kiasi cha maji na chakula kinachomfaa hutofautiana na cha mtu mzima wa afya.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa ugonjwa wa figo, ufa huonekana kwanza katika chupa ndogo ya mkojo, na mahali pa kuuona ni zahanati iliyo karibu.