TAJIRI ANAHESABU SIKU, NASI TUHESABU



Iko barua fupi inayowafikia wenzetu walioumia kazini. Imeandikwa kwa Kiingereza, imepigwa muhuri, na maana yake ni kwamba fidia hupati, au utapata kidogo. Mwenye kuipokea huitia chini ya godoro, husema "basi, Serikali imekwisha sema," kisha hurudi kwenye zamu na vidole vyake vitatu. Tajiri hakuwa na haja ya kushinda kesi. Alingoja tu sisi tunyamaze mpaka siku ziishe.

Barua hiyo hupingwa. Sheria ya fidia ya walioumia kazini ya mwaka 2007, ile iitwayo WIBA, iliyoiondoa sheria ya zamani ya Sura ya 236, inasema wazi: asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini anazo siku 60 za kumpelekea Mkurugenzi huyo pingamizi. Mkurugenzi naye ana siku 14 za kujibu kwa maandishi na kueleza sababu. Jibu likiwa baya, mfanyakazi ana siku 30 za kukata rufani katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Iangalieni vizuri hesabu hiyo, maana ndani yake mna shimo. Zile siku 30 huanza unapopokea jibu. Lakini zile 60 huanza siku uamuzi ulipotolewa, hata kama barua imelala mezani kwa karani wa kampuni. Mchuma chai wa Kericho anaipata imechelewa, tena anaanza kutafuta mtoto wa jirani aliyesoma aje amsomee, na siku zinakwenda. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Basi tunawauliza wakubwa wa Wizara ya Kazi: kwa nini mtu anyimwe haki kwa lugha asiyoijua, na hali lugha anayoijua ni ya Serikali pia? Tunadai kila barua ya uamuzi iandikwe kwa Kiswahili, na zile siku 60 zitajwe juu kabisa, kabla ya mambo mengine yote.

Wako wanaosema, "Si kitu, nitatafuta wakili nimshitaki tajiri korti ya kawaida." Hayo yalikuwa ya zamani. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ilivipinga vifungu kadhaa vya sheria hii, kimojawapo kile kinachokataza kumshitaki tajiri moja kwa moja. Mahakama ya Rufani ikakirudisha kifungu hicho mwaka 2017, na Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikakubaliana nayo. Sasa madai huanzia kwa Mkurugenzi. Anayeziachia siku 60 zipite amejifungia mwenyewe njia aliyobakiwa nayo.

Na fedha zenyewe si za chai. Tuseme mshahara wako ni Shs. 15,000/- kwa mwezi. Kwa ulemavu wa kudumu, hesabu huanzia mishahara ya miezi 96, yaani Shs. 1,440,000/-, kisha huchukuliwa asilimia ya ulemavu wako. Daktari mmoja akiandika asilimia 20, haki yako ni Shs. 288,000/-. Mwingine akiandika 8, ni Shs. 115,200/-. Kwa kalamu ya daktari peke yake umepoteza Shs. 172,800/-, ambazo ni karibu mshahara wa mwaka mzima. Sasa fikirini ni nani anayemlipa daktari wa kampuni. Hatusemi kila daktari ni mwongo. Wako waungwana wengi. Twasema asilimia ni jambo la kubishaniwa, na wa kubishana ni wewe, ukiwa na karatasi ya daktari wako mkononi.

Visingizio vyao twavijua. "Ulikaidi amri ya nyapara." Sheria inajibu kwamba hata kosa la makusudi la mfanyakazi halizuii fidia ya mtu aliyepata ulemavu mkubwa, au aliyekufa. "Uliumia njiani." Kama mlikuwa ndani ya lori la kampuni likiwapeleka kazini au likiwarudisha, hapo ni kazini. "Wewe ni kibarua tu." Je, mashine inauliza kwanza kama mkono ni wa kibarua? Na ile bahasha ya pole anayokuletea mkuu wa wafanyakazi hospitalini, pamoja na karatasi ya kutia kidole gumba, mwambieni aje nayo mbele ya mjumbe wa chama aisome kwa sauti.

Tena liko jambo linalotukasirisha zaidi, nalo ni la wale walioshinda. Mkurugenzi amekwisha kupima na kumwandikia tajiri alipe. Sheria inampa tajiri au kampuni yake ya bima siku 90. Siku 90 zinapita, tajiri kimya, bima kimya, na mlemavu anatumwa huku na huku kama mpira. Wengine wamelazimika kwenda tena mahakamani kuomba uamuzi ule ule utiwe nguvu ya hukumu. Mfanyakazi akichelewa hupoteza haki, na tajiri akichelewa huongezewa subira! Tunadai maofisa wa kazi wawapeleke kortini matajiri wasiolipa, kama sheria inavyowaruhusu, pasipo kumngoja maskini akodi wakili.

Hayo yote huanza na ripoti. Ajali itokeapo, mwambie tajiri siku ile ile. Hata kwa mdomo inatosha, hata mwenzako aweza kukusemea, ila maandishi ndiyo hayakanushiki. Tajiri ana siku 7 za kumjulisha Mkurugenzi. Msimwamini kwamba amepeleka, ombeni nakala. Miezi 12 ikipita bila ajali kuripotiwa kwa tajiri, haki inakufa.

Wajumbe wote wa kazini walete kwa Katibu wa Tawi majina ya walioumia tangu mwaka jana, siku ya ajali, na kama ripoti ilipelekwa. Waliokataliwa walete barua yenyewe pamoja na bahasha yake, maana tarehe ya posta tutaihitaji.